Bomba la Inchi Mbili

Nilikuwa kwenye foleni ya maji Zimmerman, mitungi miwili ya lita 20 miguuni, siku ya nne tangu mifereji ikauke kwenye ploti yetu, wakati ujumbe wa sauti ulipoingia kwa simu. Namba ngeni. Sekunde 47.

"Wewe ndiye uliandika ile stori ya barafu? Mimi niko Archers Post. Namba nilipewa na mtu wa huko Naro Moru, usikasirike. Stori nimesoma mpaka mwisho. Umeandika vizuri, hata mimi niliwahurumia. Lakini ndugu yangu, sisi huku chini hatujawahi kunywa barafu. Sisi tunakunywa kile mnabakisha."

Kicheko kifupi, mbuzi akalia mahali fulani nyuma yake, ikaisha. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanisukuma kwa mtungi wake. Foleni ilikuwa imesonga.

Stori yenyewe niliiandika 2023. Kuna tovuti moja ya ng'ambo ilikuwa inatafuta sauti za vijana wa Afrika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, na mimi nilikuwa natafuta kodi ya nyumba. Mhariri aliniambia hataki takwimu nyingi, anataka kitu cha moyoni. Nikampa. Nikamwambia watu wetu ni wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya upande wa magharibi. Mto Naro Moru unaanzia huko juu kabisa, chini ya barafu inayoitwa Lewis, na barafu hiyo inaisha. Anko wangu alikuwa anapanda minji za kuuzwa ng'ambo kwa maji ya mto huo, na pesa za minji ndizo zilikuwa zinanilipia karo. Februari 2022 maji yakakatika, minji zikakauka, karo ikakosekana, nikatoka chuo mwaka wa tatu. Barafu imeyeyuka, kijana amekosa digrii. Mhariri alinijibu baada ya dakika 20 na akaweka emoji ya kulia.

Kila kitu nilichoandika kilitokea. Barafu inaisha kweli. Minji zilikauka kweli. Na chuo niliacha, muulizeni mamangu, bado hajamaliza kunieleza anavyojisikia. Nilichounda mwenyewe ni jinsi mambo hayo yalivyofungwa pamoja, hili likizaa lile.

Wacha nianze na barafu, maana hiyo nimeiona kwa macho.

Baada ya kutoka chuo nilibeba mizigo ya watalii misimu miwili. Binamu yangu anaongoza watu mlimani, akaniingiza kwenye kundi lao la wapagazi. Njia ya Naro Moru unaijua kwa miguu kabla ya kuijua kwa kichwa: siku ya kwanza unalala Met Station, mita 3,050, ya pili unapanda kinamasi chenye mteremko ambacho kinameza viatu na heshima, unatokea Bonde la Teleki, unalala Mackinder's Camp kwenye mita 4,200. Usiku wa manane mnaamshwa, mnaanza kupanda changarawe zile ambazo ukipiga hatua mbili unarudi moja. Kukipambazuka mko Austrian Hut, mita 4,790, na Lenana iko hapo juu inakungoja.

Mara ya kwanza kufika pale nilikuwa naitafuta hiyo barafu. Nilikuwa na picha kichwani, kitu cheupe kinachong'aa, kama friji ya ndani ya tangazo. Nikamuuliza binamu iko wapi. Akanitazama kama mtu aliyeuliza Nairobi iko wapi akiwa amesimama Tom Mboya Street. Ilikuwa mbele yangu. Bamba la kijivu limelalia mwamba, vumbi juu yake, mawe yamezama hapa na pale, kingo zake nyembamba kama sabuni ya kipande iliyotumika wiki mbili. Chini yake kulikuwa na ziwa dogo la rangi ya kijani, na ukinyamaza ungesikia maji yakidondoka.

Mzee mmoja wa kundi letu, aliyeanza kupanda mlima huu kabla mimi sijazaliwa, alikuwa anaelekeza kwa fimbo. Hapo tulikuwa tunatembea juu ya barafu. Pale palikuwa na pango la barafu, watalii wanaingia ndani wanapiga picha, rangi ya buluu huwezi kuamini. Pango lilishaporomoka. Kule kati ya Batian na Nelion kulikuwa na mkondo wa barafu unaoitwa Diamond Couloir, wapandaji wakubwa wa dunia walikuwa wanakuja Kenya kwa ajili yake tu, na waliupanda kwa kamba na shoka. Sasa wenye shoka hawaji sana. Kwake yeye barafu ilikuwa kazi, ilikuwa siku kumi za malipo ya mtu anayejua kamba, na imebaki kazi ya kutembeza watu juu ya mawe, ambayo hata mtu kama mimi anaweza.

Takwimu ambazo mhariri hakutaka ni hizi. Mackinder alipopanda Batian mwaka 1899, mlima ulikuwa na barafu zipatazo 18. Nyingi zimeshatoweka. Gregory, iliyokuwa imeungana na Lewis, ilikuwa imekwisha kufikia 2011. Lewis yenyewe, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilisema huenda barafu zote za Afrika zikaisha miaka ya 2040, na kwamba Mlima Kenya utatangulia kwa muongo mmoja. Yaani watoto wanaoingia shule ya msingi leo watamaliza sekondari wakiuona mlima bila barafu.

Na hili si jambo dogo, nisije nikaeleweka vibaya. Jina la nchi hii liko juu ya ule weupe. Krapf aliuona mlima akiwa Kitui mwaka 1849, Wakamba wakamtajia jina, na jina hilo likapita mdomo hadi mdomo mpaka likawa Kenya. Wasomi wa London hawakuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Walibisha miaka. Wakingoja kidogo tu watakuwa sahihi. Guka wangu naye, kabla ya kumwaga pombe chini kuwapa wa zamani, alikuwa anageuka kwanza kuutazama mlima. Sijawahi kumuuliza alikuwa anatazama sehemu gani.

Lakini maji ni stori nyingine.

Kuna mahali duniani ambapo barafu ya mlimani ndiyo maji, bila mjadala. Nenda Andes, Peru kwa mfano, upande wa milima ya Cordillera Blanca. Kule mvua hunyesha miezi fulani tu, halafu inakuja miezi ya ukavu, na katika miezi hiyo barafu inayeyuka polepole na kuulisha Mto Santa unaoteremka mpaka pwani ambako karibu hakuna mvua. Barafu inafanya kazi ya tangi. Tangi likipasuka, mwanzoni unaona maji mengi kuliko kawaida, unafurahi, halafu unakuja kuyalilia. Bolivia walikuwa na barafu ya Chacaltaya ambapo watu walikuwa wanateleza kwa ski. Mwaka 2009 ikaisha. Mwaka 2016 mji wa La Paz ukaingia kwenye mgao wa maji, na ukame uliokuja na barafu inayopungua vikatajwa pamoja. Mhariri wangu alikuwa anaijua stori hiyo. Nafikiri aliniajiri niiandike tena kwa lafudhi ya Kenya.

Mlima wetu haufanyi kazi hivyo. Barafu yetu ni ndogo mno. Kinachotunza maji huku ni msitu na ile nyika ya juu yenye majani marefu na udongo mweusi unaolowa kama sponji. Mvua inanyesha huko, inazama, inatoka polepole kwenye chemchemi, inakuwa Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Sirimon, Timau, inaingia Ewaso Ng'iro. Upande wa kusini na mashariki inakuwa mito inayoingia Tana, ile Tana ya mabwawa ya umeme. Sponji hiyo ndiyo imeharibiwa kwa zamu. Mwaka 1999 Huduma ya Wanyamapori ilipita juu kwa ndege ikakuta ndani ya msitu tanuri za makaa, visiki vya miti iliyokatwa, mashamba ya bangi. Mwaka 2012 moto ukala nyika ya juu kwa siku nyingi, moshi tukauona mpaka nyumbani.

Nilifanya hesabu. Ni hesabu ya simu, ya mtu aliyeacha chuo, kwa hiyo ifuate ukinirekebisha. Kufikia 2010 Lewis ilikuwa na ukubwa wa karibu hekta 10. Chukulia inapungua unene kwa mita moja kila mwaka. Hiyo ni mita 100,000 za ujazo za barafu, ikiyeyuka unapata kama lita milioni 90 za maji. Mwaka una sekunde milioni 31 na nusu. Gawanya. Lita 3 kwa sekunde, na hata hazifiki. Sema jua la Februari ni kali, fanya mara mbili. Lita 6.

Sasa, pampu ya petroli ya anko wangu, kwenye boksi yake iliandikwa lita 600 kwa dakika. Hizo ni lita 10 kwa sekunde. Boksi hudanganya, na maji yalikuwa yanapanda mlima kwenda shambani, kwa hiyo kata nusu. Lita 5.

Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikiwa kitandani. Mtu mmoja, na pampu moja aliyoinunua Nyeri, na bomba la inchi mbili, karibu anaweza kuinywa barafu yote ya Lewis. Na kwenye ule mto hatukuwa peke yetu.

Hiyo ndiyo sehemu niliyoiacha kwenye stori.

Shamba letu guka alilipata miaka ile ya kampuni za kununua ardhi, wakati ranchi za Wazungu zilikuwa zinakatwa vipande. Alitoka Nyeri kwenye mvua akaja kwenye kivuli cha mlima, upande ambao mvua hufika ikiwa imechoka. Ekari tano. Mahindi yalimshinda, waru zikamsaidia kidogo. Anko alipolirithi aliona majirani wanafunga mikataba ya minji, naye akafunga. Mnunuzi anakupa mbegu na dawa kwa mkopo, anakuja na gari lake, anapima, anachagua. Ganda likipinda kwa sababu lilikosa maji siku mbili, halichukuliwi. Minji hazijui maneno ya ukame.

Maji ya halali tulikuwa nayo. Kuna mradi wa maji wa kijiji, una kibali, bomba lake linaingia mtoni huko juu karibu na msitu, kila mwanachama ana zamu yake. Yanatosha nyumba, ng'ombe wawili, na bustani ya sukuma. Msimu wa kiangazi mto ukipungua, chama cha watumiaji wa maji kinatoa ratiba: mradi huu Jumatatu, mradi ule Jumanne, na mto ukishuka kupita alama fulani hakuna mtu kunyunyizia shamba, kunywa tu. Sheria ya Maji ya 2002 ndiyo iliyovipa vyama hivi nguvu, baada ya miaka ya watu wa juu na watu wa chini kupigana kwa ajili ya mito hii. Ni kitu ambacho wageni huja kujifunza. Tulikuwa wanachama. Anko alikuwa amelipa kila mwezi, hana deni.

Desemba 2021 nilienda nyumbani nikakuta ekari moja na nusu ya minji zimefika magotini. Mvua ya vuli haikuwa imekuja. Hatukujua wakati ule kwamba ilikuwa ya tatu kati ya misimu mitano mfululizo ambayo mvua ingekosa kunyesha inavyotakiwa, tulidhani ni mwaka mbaya tu. Usiku wa kwanza anko alinigongea dirisha. Saa saba. Hakunieleza kitu, alinipa tochi.

Pampu ilikuwa kwenye wilbaro, imefunikwa magunia yaliyolowa ili isipige kelele. Tulishuka mpaka kwenye dimbwi chini ya mugumo. Yeye alitumbukiza bomba, mimi nikashika mwanga nikiwa nimeufunika kwa vidole. Tulifanya hivyo usiku kucha, na usiku uliofuata, na karibu kila usiku wa Januari. Nikirudi asubuhi kuchota maji ya nyumba, mawe ambayo jioni yalikuwa chini ya maji yalikuwa makavu, yamebaki na mstari wa tope. Shosho alikuwa anaketi nje ya jikoni anaambua maharagwe. Siku moja akasema, bila kuinua kichwa, kwamba zamani hata Februari usingeweza kulala kwa kelele za mto. Mto ukinyamaza usiku, akasema, ujue kuna mtu anaunywa.

Hakutaja barafu. Miaka yote ile sijawahi kumsikia shosho akilaumu barafu.

Nataka iwe wazi kwamba nilijua. Karo ya muhula ilikuwa inategemea yale maganda, na nilijua yanalimwa na nini. Katika kuandika stori yangu 2023 nilijua tena, kwa njia nyingine, kwa sababu nilisoma. Pale Nanyuki kuna kituo cha utafiti kinachoitwa CETRAD, kazi waliyoifanya na Waswisi ya kupima mito hii inarudi nyuma mpaka miaka ya themanini. Ukisoma maandishi yao utakuta jambo moja linarudi: maji ya kiangazi yanapungua huku chini hasa kwa sababu yanatolewa njiani, na kiasi kikubwa hutolewa bila kibali, au zaidi ya kibali. Nilisoma hilo vizuri kabisa. Kisha nikaifunga ile kurasa nikaendelea kuandika kuhusu barafu.

Katikati ya Februari watu wa chama walipanda mto kwa miguu kutoka chini. Walikuwa kama kumi na tano, wengine wa huku kwetu, wengine sijawahi kuwaona, shuka mabegani. Walikuwa wanafuata kingo pande zote mbili na kila bomba lisilokuwa kwenye orodha wanalikata. Letu walilipata limefunikwa majani. Panga mara mbili. Pampu wakaibeba. Anko alisimama pale mikono mfukoni. Wakati mmoja wao alipomuuliza kama hili ni lake, aliitikia, na nilimheshimu kwa hilo, maana wengi siku ile walikuwa wanasema bomba limeletwa na maji.

Minji zilichukua siku tisa.

Alichosema anko jioni ile nimekisikia kwa wengi baadaye. Mbona hawakati ya wakubwa? Kuna mashamba ya maua huko, mahoteli yenye nyasi za kijani mwaka mzima, na hao wana kibali, wana mawakili, wana mabwawa yao. Ni swali la haki. Lakini niligundua kwamba kila mtu kwenye mto huu ana mkubwa wake wa kuonyesha kidole, na juu ya wote, kileleni, iko barafu, ambayo haiwezi kujibu. Huyeyushwa na moshi wa watu walio mbali sana. Ukiitaja, kila mtu kijijini anakuwa mwathiriwa. Hata mimi, mwenye tochi.

Ule ujumbe wa sauti niliukalia wiki mbili. Kisha nikamwandikia yule jamaa, nikamuuliza kama naweza kuja.

Archers Post si mbali ukitoka Nanyuki. Unashuka Isiolo, joto linakupanda mwilini kama blanketi, unabadilisha gari, umefika. Ilikuwa Februari mwaka 2025. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, ana duka la simu na mbuzi kadhaa kwa mamake. Akanipandisha nyuma ya bodaboda tukaufuata Ewaso Ng'iro kwenda juu, kwa sababu pale mjini, akasema, ningedanganyika: kuna chemchemi karibu zinazouongezea mto maji. Tulipopita zile chemchemi ulikuwa mchanga. Mto mpana kuliko barabara ya Thika, na wote mchanga, na madimbwi mawili ya rangi ya chai ya maziwa.

Katikati kulikuwa na visima vya kuchimbwa kwa mikono, urefu wa mtu. Msichana mmoja alikuwa ndani anachota kwa kikombe, anampa mwenziwe, mwenziwe anajaza mtungi. Mtungi wa lita 20, wa manjano, kama wangu. Niliuliza huchukua muda gani kujaa. Inategemea na subira ya maji, akasema jamaa. Ndovu nao huja usiku kuchimba. Asubuhi watu hutumia vya ndovu na ndovu hutumia vya watu.

Tuliketi kwenye kivuli cha mgunga. Nikamwambia yote, pampu, magunia, tochi. Nilikuwa nimejipanga kwenye gari namna ya kusema, lakini ilitoka vibaya, kama mtu anayetapika.

"Hiyo ilikuwa lini?" akauliza.

"Januari. Mpaka Februari. 2022."

Akanyamaza. Aliokota kijiti akawa anakivunja vipande vidogo. Baadaye aliniambia kwamba mwaka ule babake alianza na ng'ombe 23, na mvua ilipokuja kurudi alikuwa na wanne. Babake hakufika mwaka mwingine. Alisema hivyo tu, hakuweka "kwa sababu".

Na mimi siwezi kuiweka. Misimu mitano ya mvua ilikosekana. Ng'ombe walikufa kutoka Turkana mpaka Wajir, mahali ambapo hakuna mto wa kuiba. Pengine hata pampu zote zingenyamaza maji yale yangeishia kwenye mchanga kabla ya kufika kwao. Pengine yangefika, siku tatu zaidi, siku kumi. Hakuna hesabu ya simu inayoweza kuniambia ni ng'ombe wangapi walikuwa wetu.

"Lakini ulikasirika," nikasema. "Ndiyo maana ulinitumia ile sauti."

"Hapana. Nilisema ukweli tu." Akatupa vile vipande. "Ukiniambia ni barafu, mimi nitaenda kwa nani? Barafu ina ofisi? Mtu wa pampu naweza kumwendea. Tulikuja kwenu siku ile, si ulituona?"

Nikamtazama. Nilijaribu kukumbuka nyuso za wale wa mashuka na sikuweza.

Jioni alininunulia chai, akakataa nilipe.

Nilirudi kupitia Naro Moru. Anko alikuwa shambani, upande wa chini, ndani ya shimo. Nilidhani ni msingi wa nyumba. Ni bwawa. Chama sasa kinawaambia watu wavune maji ya mafuriko, Aprili na Novemba mto ukiwa umefura na hakuna anayeyahitaji, wayaweke ya kiangazi. Amechimba mwenyewe, na kijana mmoja wa kibarua, tangu Oktoba. Limekula robo ekari. Pembe zake zimenyooka vizuri mno, anko ni mtu wa pembe. Limebaki karatasi ya plastiki nzito ya kutandika chini, bila hiyo udongo wetu hunywa kila kitu ndani ya wiki. Hiyo karatasi hana.

Nilimwambia nimetoka wapi. Alisikiliza akiwa ameegemea jembe. Kisha nikamwambia kuhusu stori, ambayo hakuwa amewahi kuiona, na nini nilichosema na nini sikusema, na kwamba nimemwandikia mhariri kumweleza. Mhariri alikuwa amejibu siku hiyo hiyo. Alinishukuru kwa uwazi wangu, akasema stori ilisomwa sana na ingekuwa vigumu kuigusa kwa sasa, lakini kama nina wazo jipya kuhusu barafu mlango uko wazi.

"Walikulipa?" anko akauliza.

"Dola 150."

"Hizo ni ngapi?"

"Kama elfu ishirini, haifiki."

Akatoka ndani ya shimo, polepole, mkono kiunoni. Akatembea ukingoni akihesabu hatua zake kwa sauti ya chini, upande mrefu kwanza, halafu ule mfupi, akasimama kwenye pembe.

"Ingefunika mpaka hapa," akasema, na akapachika jembe chini ili nione ni wapi.